Kitambaa cha soko la Lubumbashi: kukitambua, kukipima na kukichunga kabla fundi hajakikata

Ukiuliza pale Soko Kenya au Soko Mzee, «mama, hiki ni kitambaa gani?», utajibiwa kwa jina moja: saten, koton, terigali, bazeni, krepe, super wax. Majina hayo yote ni ya kweli, lakini hayajibu swali moja. Koton (pamba) na terigali (poliesta) ni habari ya uzi. Saten na krepe zinaeleza zaidi namna uzi ulivyofumwa. Wax ni habari ya kazi iliyofanywa juu ya kitambaa baada ya kufumwa. Ndiyo maana watu wawili hununua «saten» na mmoja anapata kitambaa cha pamba kinachonyonya jasho, mwingine anapata poliesta inayomchoma mgongo mwezi wa kumi. Wote wawili wameuziwa saten.

Basi mbele ya meza ya muuzaji shika maswali matatu, kwa mpangilio huu: ni uzi gani, umefumwa vipi, umemalizwa vipi. Jibu la kwanza linakuambia joto, jasho na pasi. La pili linakuambia kama nguo itadondoka vizuri au itasimama, na kama itachanika kirahisi. La tatu linakuambia rangi itakaa muda gani.

Hatua ya 1: jua uzi

Anza na mkono. Kunja kona ya kitambaa ndani ya ngumi, bana kwa nguvu mpaka uhesabu kumi, kisha achia. Pamba na lineni hubaki na mikunjo, na lineni ndiyo yenye mikunjo mikali zaidi. Poliesta hurudi karibu kama ilivyokuwa. Mchanganyiko wa poliesta na pamba unakaa katikati. Viskozi hukunjika pia, ila ni laini, baridi na nzito mkononi, inateleza kama hariri.

Halafu sugua pande mbili za kitambaa, upande kwa upande, juu ya kitu cheusi. Ukiona unga mweupe unadondoka, kitambaa kimejazwa wanga ili kionekane kizito. Ukifua mara moja uzito unakwenda na maji, unabaki na kitu chepesi ambacho mwanga unapita. Kwa hiyo kila kitambaa kigumu kisugue kwanza, kisha kiinue mbele ya jua pale uliposugua. Mashimo kati ya nyuzi yakiwa makubwa na hayalingani, ugumu ule ulikuwa wa wanga tu.

Jaribio linalomaliza ubishi ni moto. Muuzaji mwaminifu hakatai ukimwambia kwa heshima: «Mama, naomba unikatie kauzi kadogo ku lizyere.» Lizyere ni ule ukingo uliofumwa kwa kubana, ambao fundi hautumii. Chomoa nyuzi chache za urefu na chache za upana, kwa sababu viwanda vingine hutumia pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine. Zishike kwa kibanio cha chuma, si kwa vidole, juu ya sahani yenye maji, mbali na meza za vitambaa. Ukiona sokoni kumebanana, fanya jaribio nyumbani kwa kipande ulichopewa kabla hujarudi kununua vikwembe (vitenge) vya arusi nzima.

Pamba huwaka haraka kwa mwali wa njano, inanuka karatasi iliyoungua, na inaacha majivu laini ya kijivu yanayopotea ukiyagusa. Viskozi huwaka vivyo hivyo na kunuka karatasi, kwa kuwa nayo imetokana na mti. Poliesta hukimbia moto kwanza, inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na mwisho unabaki na kidonge kigumu cheusi ambacho hakivunjiki kwa vidole. Ngoja kipoe kabla ya kukigusa, maana poliesta iliyoyeyuka inang'ang'ania ngozi. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua, hazipendi kuendelea kuwaka ukiondoa moto, na kidonge chao unakivunja kikawa unga. Ukipata harufu ya karatasi na kidonge kigumu kwa pamoja, huo ni mchanganyiko.

Moto hautenganishi vizuri pamba na viskozi. Hapo tumia maji: chomoa uzi mmoja mrefu, ulowanishe katikati kwa mate, uvute kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi pale palipolowana, ni viskozi. Viskozi hupoteza nguvu nyingi ikiloa, lakini pamba huongeza nguvu. Tofauti hiyo inaamua namna utakavyofua nguo hiyo maisha yake yote: viskozi haisuguliwi kwenye jiwe wala kukamuliwa kwa kusokotwa.

Hatua ya 2: angalia ufumaji

Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokwenda sambamba na lizyere, na mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana. Vuta kidogo kila upande. Mtande hauvutiki, mshindio unavutika kidogo, na mshazari, ile kona kwa kona ambayo mafundi wetu wanaiita biye, unavutika zaidi kuliko vyote. Kipande kisicho na lizyere kinatambulika kwa njia hiyo.

Ufumaji wa moja juu moja chini ndio wa popelini na wa kikwembe. Ni imara na unachanika kwa mstari ulionyooka. Ule wenye mistari ya mshazari ni wa jini na suruali nyingi za kazi. Unavumilia msuguano, na uchafu hauonekani haraka. Katika saten uzi unaruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, na kule kuruka ndiko kunakoleta mng'ao. Nyuzi hizo ndefu za juu ndizo zinazokwama kwenye msumari wa benchi au kucha. Usishone nguo ya mtoto ya kuchezea kwa saten. Jezi, ile ya fulana, haikufumwa kwa mtande na mshindio. Imefungwa vitanzi, ndiyo maana inavutika hata kama haina elastani, ule uzi wa kunyumbulika.

Gipiri na dantele huchanganywa kila siku. Dantele ina wavu mwembamba nyuma ya maua. Gipiri haina wavu: maua yenyewe yameshikana kwa nyuzi, na katikati ni wazi kabisa. Gipiri ni nzito na inahitaji dubliri (bitana) ya rangi inayolingana. Fundi akiikata katikati ya ua bila kuzungushia mshono, ua linafumuka. Mwambie akate kwa kufuata ukingo wa maua pale inapowezekana.

Hatua ya 3: kikwembe, mahali pesa nyingi zinapopotea

Hapa inafaa kutulia, maana kikwembe kinaingia kwenye mahari, kwenye arusi, kwenye kilio, na kila mwaka kwenye tarehe 8 ya mwezi wa tatu. Familia inapoandika super wax kwenye orodha ya mahari, inadai kitu kinachojulikana, na anayeleta fansi, yaani kitambaa kilichochapwa tu, iliyoandikwa wax anaonekana amewadharau wakwe.

Wax ya kweli hutengenezwa hivi. Kitambaa cha pamba kinachapwa ulimbo pande zote mbili, katika umbo la mchoro. Kinazamishwa ndani ya rangi, mara nyingi buluu ya nili. Rangi inashika pale pasipo ulimbo tu. Ulimbo unavunjwavunjwa, rangi inapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba isiyo na mpangilio. Ulimbo unaoshwa, kisha rangi nyingine zinaongezwa. Super wax hufanywa kwenye pamba yenye uzi mwembamba na uliosongamana zaidi, na kazi ya nyufa hurudiwa, ndiyo maana ni laini, nzito na ghali. Java ni nyingine: pamba laini yenye mchoro mdogomdogo safi, bila mishipa. Fansi inachapwa upande mmoja kwa roli, haipitii ulimbo kabisa. Fansi si kitu kibaya, inafaa sana kwa nguo ya nyumbani na kwa vazi la kikundi litakalovaliwa mara mbili tatu. Ubaya ni kuilipia bei ya wax.

Kuitofautisha fuata mpangilio huu.

Geuza kitambaa. Nyuma ikiwa imepauka, ni fansi. Nyuma ikiwa na nguvu sawa na mbele, usifurahi bado, kwa sababu viwanda vingi siku hizi vinachapa pande zote mbili.

Tafuta mchoro mmoja, tuseme ndege, halafu mtafute ndege yuleyule mbele kidogo kwenye kitambaa hichohicho. Linganisha mishipa iliyopita mwilini mwake. Kwenye wax ya kweli ndege wawili hawana mishipa sawa, kwa kuwa ulimbo hauvunjiki mara mbili kwa namna moja. Mishipa ikirudi mahali palepale kwa kila ndege, imechorwa kwa mashine na kuchapwa. Jaribio hili ndilo gumu zaidi kudanganya, na halihitaji moto wala ruhusa ya mtu.

Angalia mipaka ya rangi. Rangi zilizoongezwa mwisho hupishana kidogo na mchoro, hapa milimita moja, pale mbili. Usafi uliopitiliza kila mahali ni dalili ya uchapaji wa kawaida.

Soma lizyere herufi kwa herufi. Vlisco, kampuni ya Helmond nchini Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, ndiyo ambayo kwa wengi hapa bado inaitwa «Olande» tu, na huandika jina lake kwenye ukingo. Waigaji nao huandika, wakibadilisha herufi moja au wakiacha neno. Maandishi peke yake hayatoshi. Yawe ushahidi wa tatu baada ya mishipa na nyuma ya kitambaa.

Mwisho, choma nyuzi. Kuna «wax» nyingi zinazoingia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambazo ni poliesta tupu. Zinang'aa vizuri, rangi yake haifi upesi, lakini hazinyonyi jasho, na fundi akiweka pasi ya makala (mkaa) zinaganda.

Kabla ya kulipa, kunjua angalau mita mbili na utazame mchoro ukilinganisha na lizyere. Mstari wa mchoro ukianza ukingo mmoja na kufika ukingo wa pili umepanda au umeshuka zaidi ya sentimita 2, kikwembe kimechapwa upande. Fundi akifuata uzi, mchoro utakuwa mshazari. Akifuata mchoro, sketi itajizungusha mwilini baada ya kufuliwa. Hakuna fundi wa kurekebisha hilo, kiache mezani.

Hatua ya 4: pima mwenyewe

Kikwembe huuzwa kwa yadi, vitambaa vingine kwa mita, na kati ya hizo mbili ndimo mtu anamopunjwa. Yadi moja ni sentimita 91.44. Kikwembe kimoja ni yadi 2, yaani mita 1.83. Yadi 6 ni vikwembe vitatu: cha libaya (blauzi), cha kuvaa chini, na cha kujifunga juu. Hiyo ni mita 5.49. Yadi 12 ni mita 10.97. Ukipewa mita 5 kwa jina la yadi 6, umepungukiwa sentimita 49, na hizo ndizo mikono ya libaya.

Kitambaa kilichokunjwa hakihitaji kukunjuliwa chote. Pima mkunjo mmoja kwa utepe wako, hesabu mikunjo, zidisha. Utepe uwe wako kweli, na usiwe umevutika. Ulinganishe na rula ya shule mara kwa mara.

Upana nao una maneno yake. Vikwembe vingi vina sentimita 115 hadi 120, terigali na vitambaa vya suti sentimita 150. Kwa upana wa 150, suruali ya mtu mzima inataka karibu mita 1.20, shati la mikono mirefu mita 1.60 hadi 1.80, suti ya mwanaume mita 3 hadi 3.50. Shati hilohilo kwa upana wa 115 linataka mita 2.30 hivi. Mchoro mkubwa wenye kichwa na miguu, kama ndege au taa, unaongeza kipimo, kwa sababu fundi hawezi kugeuza vipande kichwa chini ili kubana nafasi. Ongeza urefu wa mchoro mmoja kamili kwa kila kipande kirefu cha nguo. Velur (mahameli) vilevile: manyoya yake yanalala upande mmoja, na kipande kilichogeuzwa kitaonekana kama rangi nyingine.

Hatua ya 5: fua kabla ya kukata

Mafundi wengi hawapendi kusikia hili kwa kuwa linachelewesha kazi, lakini nguo nyingi za kikwembe zinazobana baada ya mwezi hazikukatwa vibaya. Pamba mpya hupungua asilimia 3 hadi 5 katika ufuaji wa kwanza, viskozi inaweza kupita hapo. Kwenye mita 1.83, asilimia 5 ni sentimita 9. Loweka kitambaa katika maji ya aina ileile utakayofulia nguo baadaye, nusu saa inatosha, usikikamue, kianike kwenye kivuli kikiwa kimenyooka, kipige pasi kingali na unyevu kidogo. Kabla ya kuloweka, shona kwa mkono ncha mbili zilizokatwa ili zisifumuke.

Bazeni pekee iache. Bazeni ni pamba yenye maua yaliyofumwa ndani yake, na mng'ao wake mwingi unatokana na wanga na kupondwa. Ukiifua kabla ya kushona umeondoa kile ulichokilipia. Mwambie fundi aache nafasi ya sentimita 3 kwenye mishono ya pembeni badala yake.

Rangi ikitoka kwenye maji, chumvi na siki hazitaifunga. Ile ni rangi iliyozidi, haikushikana na uzi, na dawa yake ni kuitoa: maji baridi, peke yake, mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe. Ikiwa baada ya mara ya tano maji bado ni mekundu, usishone kitambaa hicho pamoja na kola nyeupe.

Hatua ya 6: maneno ya kumpa fundi

Mwambie jina la uzi, si jina la sokoni pekee. Fundi akijua ni poliesta, atapunguza joto la pasi. Pasi zenye alama hutumia nukta: moja ni kama nyuzi joto 110, mbili 150, tatu 200. Pamba na lineni zinavumilia nukta tatu, poliesta na viskozi mbili, nailoni moja. Pasi ya makala, ambayo wengi katika mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi wanaitegemea umeme ukikatika, haina nukta. Ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, na daima weka kitambaa cheupe cha pamba chenye unyevu kati ya pasi na poliesta. Kitambaa hicho kinazuia pia cheche na majivu.

Sindano: namba 70 kwa krepe nyembamba na musulini, 80 au 90 kwa kikwembe, 100 kwa jini. Jini ya aunsi 12 ina karibu gramu 400 kwa mita ya mraba, na sindano ndogo inapinda ikifika kwenye mshono wa tabaka nne. Mshono ukijikunja kwenye krepe, mara nyingi sindano ni butu au uzi umekazwa mno. Nguo iliyokatwa kwa biye ining'inizwe usiku mzima kabla ya kupindwa chini, kwa sababu itashuka kwa uzito wake, na ikipindwa mapema pindo litakuwa na mawimbi.

Kwa sare ya shule, shati jeupe na chini ya buluu, chagua mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35. Unakauka upesi hata msimu wa mvua na haukunjiki sana. Kasoro yake ni vifundo vidogo kwenye kola na mapaja: nyuzi fupi za pamba zinatoka kwa msuguano, na poliesta, kwa kuwa ni imara, inazishikilia zisidondoke. Ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje. Pamba tupu haifanyi vifundo hivyo kwa wingi, ila inataka pasi kila asubuhi.

Hatua ya 7: vumbi, jua na javeli

Vumbi jekundu la Lubumbashi kuanzia mwezi wa tano halitaki maji ya kwanza. Ukililowanisha linakuwa udongo na kuingia kati ya nyuzi. Acha nguo ikauke kabisa, ikung'ute, ipige brashi, ndipo uitie majini. Kwenye nguo nyeupe sugua sabuni ya kipande juu ya doa kavu, acha robo saa, kisha fua.

Javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ni ya pamba nyeupe tu, na iliyochanganywa na maji mengi. Sufu, hariri, nailoni na nguo zenye elastani huharibika kwayo, zinakuwa njano au zinakatika. Usiimwage moja kwa moja juu ya nguo, maana doa litatoka na uzi wenyewe, na shimo linaonekana baada ya ufuaji wa pili au wa tatu.

Anika vikwembe ndani nje, kwenye kivuli chenye upepo. Jua la kiangazi hapa linakula rangi. Jezi isining'inizwe mabegani ikiwa imeloa, itavutika urefu. Ilaze mezani.

Vikwembe vya akiba, vile vya mahari na vya kurithisha, visikae kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu wa mwezi wa kwanza unafungiwa humo na kuleta madoa ya ukungu ambayo hayatoki. Vifue kwanza kuondoa wanga, kwa sababu wanga unaita wadudu, vikaushe kabisa, vifunge ndani ya shuka la pamba, na mara moja kwa miezi mitatu uvikunje upya kwa mstari mwingine. Mkunjo ukikaa palepale miaka, rangi hupauka kwenye mstari huo, na kikwembe huanza kukatika hapo hapo.